Kibuyu cha Kunywa Mwenyewe

Kila asubuhi, kabla hajasalimiana na mtu, shangazi Theodora husikiliza maziwa. Hukishusha kibuyu kutoka kwenye kigingi ukutani, hukipakata kama mtoto mchanga, huchomoa kizibo na kutega sikio kwenye mdomo wake. Anatulia hapo. Ukimsalimia wakati huo hakujibu, kwa hiyo mimi nikiwa nimebeba kuni huwa nasimama mlangoni mpaka amalize. Maziwa yanayoganda vizuri yana sauti ndogo, kama mvua haba inayoangukia majani makavu ya mahindi. Yakiharibika yananyamaza kabisa, au yanakoroma. Akiridhika anasema, "Wapo." Hapo ndipo namwambia shikamoo, naye ananiitikia marahaba.

Alianza kutumia sikio macho yalipoanza kumkataa. Zamani alikuwa anatazama tu, anajua. Jicho la kulia liliota weupe katikati, kama tone la maziwa, na likaacha kumwonyesha kitu isipokuwa mwanga wa mlangoni. Ni mtoto wa jicho. La kushoto nalo likaanza kulifuata. Akawa anapepeta mtama na kuacha changarawe, anamsalimia mbuzi wa jirani akidhani ni mtoto ameinama.

Shangazi ana miaka hamsini na mitatu. Ni dada wa marehemu baba yangu, na ni mjane wa mzee Stefano. Hapa Ulemo wanamjua kwa maziwa mgando. Ana ng'ombe wanne, na siku ya gulio watu wanapanga foleni mbele ya ndoo yake kabla hajaifunua. Anachemsha maziwa mabichi, anayaacha yapoe mpaka kidole kiweze kukaa ndani, halafu anayamimina kwenye kibuyu chenye mabaki ya jana. Kibuyu hukifukiza kwanza kwa kijiti kinachotoa moshi. Hayo yote anayafanya kwa mikono na pua, hata ukimfunga kitambaa usoni.

Ila kipofu hakutaka kuwa, na sababu yake anaijua kila mtu hapa nyumbani. Mama yake, yaani bibi yetu, alipofuka akiwa na umri kama huo huo. Shangazi wakati ule alikuwa msichana wa miaka tisa. Wakamtoa shule, wakampa ncha moja ya fimbo ashike, bibi akashika ncha nyingine. Aliishika fimbo ile miaka kumi na moja, kisimani, kanisani, shambani, msibani, mpaka bibi alipofariki. Mimi niliishia darasa la sita baba alipokufa, nikaja kuishi kwa shangazi. Siku moja tunapukuchua alizeti alinishika mkono akaniambia, "Jenipher, shule yako nimeshindwa kuirudisha. Lakini fimbo yangu hutaishika. Nimekuambia."

Madaktari wa macho huja mara tatu kwa mwaka kwenye hospitali ya misheni, mbali kidogo na kwetu. Wanaosha macho, wanakuwekea kioo kidogo ndani, kesho yake unaona. Shangazi alikwenda mara ya kwanza, wakampima presha kabla ya chochote. Mia na tisini na nane kwa mia na kumi na nne. Wakamwambia, mama, hatuwezi kukugusa jicho na presha hii, damu inaweza kuvuja ndani tukalipoteza lote. Ishuke chini ya mia na sitini ndipo uje.

Mara ya pili nilimsindikiza mimi. Pale kuna benchi refu na mlango wa buluu. Wanaita jina, unaingia, wanakupima. Ukikubaliwa, unapitishwa nyuma kwenda chumba cha upasuaji na kutoka huko unapelekwa wodini, benchini hutarudi. Ukikataliwa, unatoka kwa mlango ule ule wa buluu na karatasi yako mkononi. Nilikuwa nimeanza kumenya karanga. Sikuwa nimemaliza hata konzi moja, nikaona mlango unafunguka na shangazi anatoka, anapapasa ukuta.

"Twende mwanangu," akasema. "Wamenikatalia tena."

Ilikuwa mia na tisini kwa mia na nane. Daktari alimwambia mtoto wa jicho la kushoto naye ameiva, asichelewe zaidi ya awamu inayofuata. Awamu inayofuata ilikuwa baada ya wiki kumi na moja.

Kesho yake tukaenda zahanati kwa nesi Happiness. Ni dada mdogo tu, hajafika miaka thelathini, ana sauti ya taratibu, lakini akikuuliza swali anakusubiri ujibu.

"Shikamoo Mama Naftali."

"Marahaba mwanangu."

"Vile vidonge vya presha nilivyokupa, unameza kila siku?"

"Nameza kichwa kikiuma."

"Na kisipouma?"

"Sasa kama hakiumi nimeze nitibu nini?"

Nesi akafumba macho kidogo, halafu akamweleza. Presha haipigi hodi. Inaweza kukaa juu mwaka mzima wewe unaimba kwaya. Kidonge ni kila siku, saa ile ile, kichwa kiume kisiume. Halafu chumvi. Akamwambia apunguze chumvi sana, na kama anaweza kuiacha mezani kabisa, aiache. Shangazi akasema ameiacha kuanzia dakika ile.

Tukiwa tunaaga, nesi akamuuliza, "Mama, hivi hayo maziwa yako mgando, wewe mwenyewe unakunywa?"

Shangazi akacheka. "Mimi nanusa."

Ni kweli. Mama mkwe wake alimfundisha kwamba mwenye kutikisa kibuyu hunywa wa mwisho. Kwanza mgeni, halafu mzee wa nyumba, halafu mnunuzi, halafu watoto. Wa mwisho siku zote alikuta povu. Aliolewa miaka ishirini na tisa iliyopita, na sidhani kama katika miaka hiyo alimaliza vikombe kumi vya maziwa aliyoyagandisha mwenyewe.

"Nakuuliza kwa sababu," nesi akasema, "tulifundishwa kwenye semina. Kuna watu wenye presha, watu wa umri wako, walipimwa wakiwa wanatumia vitu kama maziwa yaliyogandishwa, yenye wale wadudu wazuri walio hai. Wengine presha yao ilishuka. Ilishuka kidogo, mama, sikia hilo neno, kidogo. Na ni wale waliotumia kila siku, wiki nane na kuendelea. Hayakai mahali pa kidonge. Yanakaa pembeni ya kidonge."

"Wadudu?"

"Wadogo mno. Hawaonekani kwa macho."

Shangazi akasema polepole, "Kumbe hao ndio ninaowasikia."

Siku ile ile alichukua kibuyu kidogo kilichokuwa cha mama yake, kilichokaa juu ya kabati miaka mingi na mbegu za maboga ndani. Akakiosha, akakifukiza, akakitundika kwenye kigingi chake peke yake. Akatutangazia mimi na shemeji yake, mzee Amosi: hiki si cha gulio, si cha mgeni. Ni changu mimi. Kikombe kimoja asubuhi baada ya kidonge, kimoja jioni.

Mzee Amosi ni mdogo wa marehemu mume wake, anaishi uwanja wa pili, na utani wao hauna likizo.

"Shemeji," akasema, "leo muuzaji anakunywa duka."

"Nakunywa dawa."

"Dawa gani inakuachia sharubu nyeupe?"

"Wewe za kwako umeziacha kwenye pombe ya mtama, nani alikuuliza?"

Walicheka. Lakini mimi nilimwona wiki zile za mwanzo, akiinua kikombe anageukia ukutani kama mtu anayeiba. Wiki ya tatu walikuja wakwe wawili kutoka Iguguno, wamepita wakitoka kutoa pole kwenye msiba wa jirani, jua kali, vumbi mpaka kwenye kope. Kibuyu kikubwa kilikuwa kitupu. Cha kwake kilikuwa kimejaa, kinaning'inia pale pale mbele ya macho yao. Alikaa kwa muda, anakunja ncha ya kanga yake na kuikunjua. Halafu akainuka akawamiminia chote. Walikunywa, wakamshukuru, wakasema hawajawahi kuonja maziwa kama yale. Walipoondoka akaniambia, "Nimeshindwa, Jenipher. Mtu ana kiu nyumbani kwangu."

Alipomweleza nesi, nesi hakumgombeza. Alisema tu, "Mama, mgeni akikuta kidonge chako mezani unampa?" Basi. Kuanzia hapo wageni walipata uji au maji ya kisima, na kibuyu kidogo akakihamishia chumbani kwake. Hakuweza kumnyima mtu kitu anachokiona.

Wiki ya tano akaja Naftali. Ni mtoto wake wa pekee, anauza asali pale Itigi karibu na stesheni, ana maneno mengi kama wauzaji wote wa stesheni, na anampenda mama yake. Alipiga magoti akamsalimia, halafu akatoa kwenye mkoba kopo jeupe lenye maandishi ya dhahabu.

"Mama, achana na mambo ya vibuyu. Hii ndiyo ya kisasa. Humu ndani kila kidonge kina wadudu wazuri bilioni hamsini."

"Nani aliwahesabu?"

"Mama jamani! Wameandika."

Shangazi akapokea kopo. Akalipapasa, akalifungua, akalipakata. Halafu, mbele ya Naftali aliyekuwa anatabasamu, akaliweka sikioni. Alisikiliza kwa makini kabisa, uso wake umetulia, hana utani hata kidogo. Mzee Amosi alikuwa ameziba mdomo kwa kofia.

"Naftali."

"Naam mama."

"Hawa wamekaa kimya."

"Wamelala, mama! Wamekaushwa. Wanaamkia tumboni."

"Sawa, labda. Na aliyekuuzia amesema nini kuhusu vidonge vyangu vya zahanati?"

Naftali akapunguza sauti. "Amesema uviache. Amesema ukitumia hii, hospitali hutaiona tena."

"Lakini mimi hospitali naitaka," shangazi akasema. "Nataka wanifungulie ule mlango. Unanielewa? Mimi shida yangu siyo kuikimbia hospitali, shida yangu ni kuingia."

Naftali akaangalia chini. Alikuwa amekuja na furaha yake na nadhani ilimuuma. Shangazi naye aliliona hilo, japo kwa jicho bovu, maana alilifunga kopo vizuri akalifunga ndani ya kitambaa chake cha kanisani, akasema, "Nitamwonyesha Happiness. Asante baba." Nesi alilisoma kopo mbele na nyuma. Alisema hawezi kusema ni baya, hajui limehifadhiwaje njiani, jua la stesheni ni kali. Ila yeyote anayemwambia mgonjwa wa presha aache vidonge, huyo asisikilizwe. Kopo likarudi juu ya kabati, pale kilipokuwa kibuyu.

Basi ikafika wiki ya sita, siku ya kupima. Shangazi alikuwa amemeza kidonge kila siku. Alikuwa hajagusa chumvi. Alikuwa amekunywa vikombe vyake viwili, ukitoa ile siku ya wakwe. Alivaa gauni la Pasaka. Nesi akafunga mkanda, akapampu, akaangalia, akaachia, akafunga tena mkono wa pili.

Mia na sabini na nane kwa mia na mbili.

"Imeshuka," nesi akasema. "Kutoka mia na tisini imeshuka mama." Lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Zilibaki wiki tano, na tulikuwa tumeshatumia zaidi ya nusu.

Shangazi alirudi nyumbani akalivua gauni la Pasaka. Mchana ule nilitoka kuteka maji, niliporudi nikamkuta ameketi kwenye kigogo nyuma ya zizi, ana kisu, anamenya fimbo. Ilikuwa ndefu, imenyooka. Alikuwa anaitoa magome kwa vidole, halafu kwa kisu, halafu anaipapasa tena kama kuna kibanzi.

"Ni ya ng'ombe, shangazi?"

Aliendelea kumenya. Fimbo ya ng'ombe huwa fupi zaidi ya hiyo. Alipomaliza aliisimamisha kando ya mlango, akaingia ndani. Jioni hakukigusa kibuyu. Niliweka kikombe karibu yake, nikakikuta pale pale kimeshika ngozi juu.

Kesho yake mchana nesi Happiness akaja mwenyewe kwa bodaboda, na kipimo chake kwenye mkoba. Alisema hakuridhika, alitaka kumpima akiwa nyumbani ametulia. Lakini kwetu mtu hapimi mtu kabla ya kula. Nilikuwa nimesonga ugali wa mtama, na shangazi alikuwa amepika mlenda. Mzee Amosi kama kawaida yake alifika chakula kikiwa kinapakuliwa.

Nesi alichovya tonge la kwanza, akala. Akachovya la pili, akasimama nalo mkononi.

"Mama, mlenda wako mtamu. Umetia chumvi?"

"Chumvi!" Shangazi alikasirika kweli. "Tangu uliposema sijaigusa. Muulize Jenipher. Jenipher, si nilikuambia uitoe humu ndani? Iko wapi?"

"Tulimpa jirani," nikasema.

"Umesikia?"

"Nimesikia mama. Ila ulimi wangu unaniambia kitu." Nesi akainuka, akaomba ruhusa aingie jikoni. Akatoka na kopo la bati ambalo mimi ndiye ninayetwanga vilivyomo, asubuhi kila siku, vile vijiwe vya kijivu. "Na hii?"

"Hiyo si ni magadi," shangazi akasema, kama anayemfundisha mtoto.

"Unatia kiasi gani?"

"Kidogo. Mlenda bila magadi ni nini? Majani yaliyochemshwa."

"Kila siku?"

"Mchana na jioni. Na kwenye maharage, yaive upesi."

Nikajikuta nimesema, na si kawaida yangu kusema mbele ya watu wazima. Nilisema, "Siku hizi natwanga zaidi."

Wote wakanitazama. Nikaeleza. Tangu chumvi iondoke, mboga zilikuwa hazina ladha. Shangazi aliniambia niongeze magadi kidogo. Halafu kidogo tena. Zamani kopo lile lilikuwa linafika mwezi, sasa lilikuwa halifiki wiki mbili.

Nesi aliweka kopo chini. Hakucheka wala hakufoka. "Mama Naftali, magadi na chumvi ni ndugu. Kile kitu kilichomo kwenye chumvi kinachopandisha presha, kimo humu pia. Hukuiacha chumvi. Uliibadilisha jina."

"Lakini hakuna aliyeniambia!"

"Ni kweli. Hata mimi sikukuambia. Nilisema chumvi, sikufikiria jiko lako. Nisamehe."

Mzee Amosi akalamba kidole. "Kwa hiyo shemeji," akasema, "umemfukuza mke mkubwa, ukamwongezea posho mke mdogo."

Shangazi akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kwenye macho yote mawili, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko. Halafu akasema, "Jenipher, wapelekee ng'ombe walambe." Nikayamwaga yote kwenye jiwe la zizini. Ng'ombe walisukumana.

Mlenda wa siku zilizofuata ulikuwa mgumu kumeza, sitadanganya. Tulijaribu nyanya nyingi, tulijaribu karanga za kusaga, tukaona ndimu ndiyo angalau. Mzee Amosi alikula kwake wiki nzima, halafu akarudi. Shangazi alikuwa anatafuna huku amekunja uso, akimaliza anasema, "Wiki nne," au "Wiki nne kasoro siku mbili." Jioni anateremsha kikombe chake bila kugeukia ukuta tena.

Nesi alimpima kila Ijumaa. Mia na sabini. Halafu mia na sitini na tatu. Wiki moja ikapanda tena, mia na sitini na nane, kwa sababu ng'ombe mmoja alipotea na shangazi alimtafuta kwa kuita siku nzima. Halafu mia na hamsini na tisa. Shangazi akamuuliza nesi ni kipi hasa kinachoishusha, maziwa au magadi au vidonge.

"Sijui mama. Vidonge naamini ndivyo vinabeba mzigo mkubwa. Magadi nayo uliyaona mwenyewe. Maziwa yanasaidia kiasi gani kwako, hakuna anayeweza kupima hapa Ulemo."

"Basi siachi hata kimoja."

"Usiache hata kimoja."

Siku ya kwenda ilipofika tuliondoka siku moja kabla, kama nesi alivyoshauri, ili asifike anahema. Alikifunga kibuyu kidogo kwenye kanga. Mlangoni mzee Amosi akamnyooshea ile fimbo. "Shemeji, safari ndefu, chukua ya kushikilia."

"Iache hapo hapo," akasema. "Nikirudi nitaamua kama ni ya ng'ombe au ni yangu."

Tulilala kwa mama mmoja wa kanisani, karibu na geti la hospitali. Asubuhi alisikiliza kibuyu, akasema wapo, akameza kidonge, akanywa kikombe kimoja, na tukatembea taratibu kama watu wasio na kazi. Naftali alikuwa ameshafika kutoka Itigi, amekaa kwenye lile benchi, amevaa shati la kola. Mlango wa buluu ulikuwa umepakwa rangi upya. Watu walikuwa kumi na mmoja, wengi wazee, kila mmoja na mtu wa kumshika mkono.

Wakaita, "Theodora Stefano." Akaingia. Nikatoa karanga zangu kwenye mfuko lakini sikuzimenya. Nilizishika tu. Mlango ukafunguka na shangazi akatoka.

Naftali akasimama. "Wamekataa?"

"Mia na sitini na nne," akasema. Akakaa katikati yetu. "Wamesema nipumzike, nisiongee, wataniita tena mara moja tu. Ikiwa juu, wananipa karatasi."

"Mama, usiwaze…"

"Baba, wamesema nisiongee."

Naftali akafunga mdomo, na sijawahi kumwona amefunga mdomo muda mrefu vile. Shangazi akaufungua ule mzigo wa kanga. Akakipakata kibuyu pale kwenye benchi mbele za watu wote, akachomoa kizibo, akainamisha kichwa akasikiliza. Mzee mmoja alimgusa mwenzake kiwiko, wakatazama. Yeye hakujali. Alifumba macho. Nikaona mabega yake yanashuka kidogo, halafu tena kidogo, na mkono wake umetulia juu ya tumbo la kibuyu. Alikaa hivyo labda robo saa. Mtu aliyekuwa mbele yetu aliingia na kutoka na karatasi, amekunja uso.

"Theodora Stefano."

Akanipa kibuyu. "Shika vizuri, usikitikise. Nikitoka sasa hivi tunaondoka, hatusimami kuongea na mtu."

"Sawa shangazi."

Akainuka. Akapapasa ukuta, akaupata mlango, akapita. Ukafungwa nyuma yake taratibu, maana una kamba na jiwe la kuuvuta.

Nikaanza kumenya karanga. Konzi ya kwanza ikaisha. Wakaita mwanamume mwenye kofia ya nyuzi, akaingia, akatoka na karatasi. Wakaita bibi mmoja na mjukuu wake, wakaingia, mjukuu akatoka peke yake akakaa. Naftali alikuwa anatazama mlango, ananitazama mimi, anatazama mlango. Konzi ya pili ikaisha. Sakafuni maganda yalikuwa mengi, mfagiaji akanisogelea akaniuliza nina ugomvi na hizo karanga.

"Jenipher," Naftali akaninong'oneza, "yeye hajatoka?"

"Hajatoka."

Nikaingiza mkono mfukoni. Karanga zilikuwa zimekwisha.